Kuku wa Nyar Seme

Siku ile tulikuwa mimi, dada yangu Atieno anayenifuata, na Okoth, kitindamimba wetu, ambaye ulimi wake ulikuwa bado haujaweza kutamka r. Alikuwapo Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, amevaa koti zito ijapokuwa jua lilikuwa la kukausha omena, dagaa wetu wa ziwani, kabla ya saa sita. Alikuwapo Shangazi Dorina, ameukumbatia mkoba wake mapajani kama mtu anayengoja gari. Alikuwapo jirani yetu Nyar Seme, lakini yeye aliishia langoni. Na alikuwapo kuku mmoja ndani ya sufuria, kuku ambaye hakuwa wetu. Hao ndio wote. Mama alikuwa ameshazikwa, ingawa kwa miaka mingi kila nilipoikumbuka siku hiyo nilimwona naye pale, ameegemea mlango wa jikoni, akinionyesha kwa macho kwamba ugali unaungua.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba nikichoma kuku waliokufa. Manyoya yakiungua hunuka kama nywele na kucha, halafu moto ukishafika kwenye nyama, harufu nzuri ya chakula inajipenyeza katikati ya ule uvundo, na tumbo linaitikia kabla ya akili. Ni harufu ya kutia aibu. Nilisimama juu ya shimo nimeshika kijiti cha kuchokolea moto, mtu mzima mwenye ndevu, mate yamenijaa mdomoni, na nikawa tena mtoto wa darasa la saba.

Huku kwetu, nje kidogo ya Nyamasaria, mwanamke aliyeolewa haitwi sana kwa jina lake. Huitwa kwa alikotoka. Mama alikuwa Nyar Uyoma, binti wa Uyoma. Jirani yetu alikuwa Nyar Seme. Mama alikuwa akiuza mitumba sokoni Kibuye, na jioni moja alirudi bila mzigo wa nguo, amebeba kuku jike wa kahawia, shingo wazi, mwenye macho ya mtu anayetafuta ugomvi. Atieno aliuliza tumwite nani. Mama alisema, "Si ametoka Kibuye? Basi ni Nyar Kibuye. Mmkaribishe vizuri, ameolewa hapa." Tulicheka mpaka Okoth akaamka. Kuanzia siku hiyo kuku huyo alikuwa na heshima ya mke wa boma. Alilala jikoni, akataga nyuma ya gunia la makaa, na akimwona Baba wakati ule Baba yuko hai, alikuwa akimpisha mlangoni.

Baba alitangulia. Mama alimfuata baada ya kuugua kwa muda mrefu, na katika kuugua huko mimi ndiye niliyekuwa mkono wake. Nilijifunza kumtazama midomo kuona kama maji yamepungua mwilini. Nilijifunza kumpa uji kwa kijiko bila kumpalia, na kujua kwa kusikiliza tu, kutoka upande wa pili wa pazia, kama pumzi ya leo ni mbaya kuliko ya jana. Watoto wengine wa rika langu walikuwa wanajifunza mambo mengine.

Siku moja alipokuwa na nguvu kidogo alituita akasema, "Baba Mkubwa wenu atakuja nikishaondoka. Haji kuwaangalia nyinyi, anakuja kuangalia kama hapa bado pana boma. Mchinjieni kuku. Mtu akishakula kuku mahali hawezi kutoka aseme hapana mwenyewe." Alisema kama anayetuachia maagizo ya kufunga mlango.

Kuku wetu wengine waliliwa matangani. Hivyo ndivyo ilivyo, watu wakija kulia na wewe lazima wale. Nyar Kibuye alipona kwa sababu Atieno alimfunika kwa beseni, akaweka jiwe juu, akakaa juu ya jiwe na kulia hapo hapo. Kila mama aliyekuja kumfariji alidhani mtoto amekataa kuingia ndani kwa uchungu. Uchungu ulikuwapo, lakini chini ya uchungu palikuwa na kuku.

Baada ya mazishi Shangazi alipiga simu. Simu ya Mama ilikuwa imebaki na mimi. "Sisi tunakuja Jumapili na kaka," alisema. "Nyinyi ni watoto, hamuwezi kukaa peke yenu kwa nyumba. Atieno atakuja kwangu anisaidie na mtoto. Okoth ataenda Muhoroni kwa Baba Mkubwa. Hiyo nyumba itapangishwa. Wewe Omondi ni mwanaume, utajipanga."

Nikamwambia Atieno. Alichukua punje za mahindi, akaenda nje kumwita Nyar Kibuye, kwa sauti ile ile ya Mama ya kuita kuku. Tulikuwa na kitu kimoja tu cha kusimama nacho mbele ya wakubwa, na kilikuwa na manyoya.

Nyar Kibuye hakuja.

Tulimkuta chini ya ukingo wa paa la jikoni, amejikunyata, amejaza manyoya kama mtu aliyejifunika koti la kuazima. Vifaranga wake, walioachwa matangani kwa kuwa hawakuwa na nyama na sasa wameanza kuota mikia, walikuwa wamelala karibu naye, na wawili hawakuamka tulipowagusa. Atieno alimwaga mahindi miguuni pake. Aliyatazama, akafumba macho. Nilichuchumaa nikamsikiliza. Pumzi yake ilikuwa na mlio ndani, mlio wa maji kwenye mrija, na baada ya kila pumzi alifungua mdomo kidogo kana kwamba hewa imekwisha. Upanga wake wa kichwani, uliokuwa mwekundu wa kuringa, ulikuwa umeiva rangi ya ini. Ute ulining'inia kwenye mdomo. Nikamgeuza. Manyoya ya nyuma yalikuwa yameloa, na kinyesi kilikuwa kijani kibichi, kijani cha mrenda uliochemshwa ukamwagika.

Nilijua mara moja kwamba huyu anakufa. Sikujua ugonjwa, lakini sauti ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia nyuma ya pazia.

Kwa hiyo nilifanya nilichokuwa ninajua kukifanya. Nilimwingiza ndani, nikamlaza kwenye leso ya Mama, nikampa maji kwa kijiko. Atieno alitwanga pilipili na mshubiri, akamminyia kooni, akapiga chafya yeye badala ya kuku. Halafu nikafungua kopo. Kopo hilo lilikuwa la majani ya chai, na ndani yake kulikuwa na dawa za Mama zilizobaki. Hatukuwa tumejua la kufanya nazo. Kuzitupa kulionekana kama kumtupa mwenyewe. Nilichukua kidonge kikubwa cheupe, nikakivunja kwa meno, nikakisaga kati ya vijiko viwili, nusu ya Mama, nusu ya kuku.

"Kitamsaidia?" Atieno aliuliza.

"Ni dawa ya hospitali."

"Si ndiyo alikuwa anakunywa Mama?"

Nilikuwa nimeshika mdomo wa kuku wazi kwa vidole viwili, na nilikuwa nahesabia kwamba Mama alikuwa mzito, dawa ikapotelea ndani yake, lakini kuku ni mdogo, kwa hiyo itafika. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuisahihisha.

Asubuhi yake shingo ya Nyar Kibuye ilikuwa imepinda. Kwa kuwa haikuwa na manyoya, kila mshipa ulionekana ukijisokota, mpaka kichwa kikageuka juu chini na jicho moja likawa linatazama mbinguni. Alijaribu kutembea, akazunguka mahali pamoja, akaanguka, akabaki ametazama juu. Okoth alikuja akalala chali kando yake, kichwa chini kwenye vumbi, akatazama alikokuwa akitazama kuku.

"Anamwona Mama," alisema.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Anamwona. Mimi simwoni, yeye anamwona." Akaanza kupungia mkono juu, kwa subira, kama watoto wanavyopungia ndege za kutua Kisumu.

Atieno alinivuta pembeni. "Tumchinje saa hii," alisema. "Kabla hajafa. Tumkaange, tumtie chumvi, afike Jumapili. Kila mtu anafanya hivyo. Baba Mkubwa atajuaje?"

Ni kweli kila mtu anafanya hivyo. Kuku akianza kusinzia, kisu kinanolewa, na kesho yake boma zima linanukia mchuzi. Lakini mimi niliogopa. Tangu Mama afe kulikuwa na minong'ono. Baba na sasa Mama, watu walikuwa wakihesabu. Walikuwa wakitaja chira, ile laana inayosemwa kuwafuata watu wa boma lililovunja mwiko. Kuna mama mmoja aliyemnyang'anya mwanawe kikombe chetu mdomoni. Je, Baba Mkubwa akila kuku wetu mgonjwa akaumwa tumbo tu, hata kwa kula kupita kiasi? Wangesema boma hili linaua hata wageni. Nikaamua kumpeleka Nyar Kibuye kwa Nyar Seme, amwone. Nyar Seme alikuwa mjane, alifuga kuku, na alikuwa amemwosha Mama kwa mikono yake. Katika watu wote waliobaki, huyo ndiye niliyemhesabu.

Nilimfunga kuku kwenye leso nikambeba kifuani. Nilipofika langoni kwake alikuwa anafagia uwanja. Aliinua kichwa, akaona leso, akaona ile shingo iliyoning'inia nje. Ufagio ukamtoka.

"Simama!" alipiga kelele. "Simama hapo hapo! Usikanyage kwangu!"

Nilisimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka lango. Nikaurudisha.

"Kinyesi chake ni rangi gani?"

"Kama mrenda."

"Vifaranga?"

"Wanakufa."

"Uwi! Ni kideri hicho. Rudi naye. Mchinje, umchome, na waliobaki wote uwachome, na pale walipolala pachome. Usimtupe kwa mtaro, usimpe mbwa. Omondi, unanisikia? Rudi! Usikuje hapa tena!"

Binti yake Pamela, aliyekuwa rika langu, alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha muwa mdomoni. Hakutafuna. Nikageuka. Njia nzima nilisikia sentensi moja tu, usikanyage kwangu, na niliielewa kama nilivyokuwa nimezoeshwa kuelewa siku zile. Nikasema moyoni, hata yeye. Hata huyu aliyemshika Mama ameanza kutuogopa.

Nilimchinja Nyar Kibuye nyuma ya choo. Hakupigana. Nilimgeuza shingo kwanza ili asiendelee kutazama juu, maana Okoth alikuwa ameniharibia jicho lile. Tulichimba shimo, mimi na Atieno, tukawasha mabua na matawi makavu, tukamtia ndani pamoja na wanawe, pamoja na leso. Atieno hakutaka leso ichomwe. Tulivutana. Ilikuwa na kinyesi na ute, na ilikuwa ya Mama, na yote mawili yalikuwa kweli. Nikaitia motoni. Harufu ya kwanza ilikuwa ya manyoya. Harufu ya pili ilikuja baadaye, na Okoth, ambaye tangu jana alikuwa amekula uji tu, alikuja akasimama kando ya shimo akauliza, "Tunakula saa ngapi?"

Jumapili asubuhi uwanja ulikuwa kimya kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Mtu hajui ni kiasi gani sauti ya boma ni kuku mpaka wanyamaze. Atieno alikuwa amepika omena, akawapanga kwenye sahani nzuri, akawapanga tena, wakabaki omena. Ndipo tukasikia "Hodi!" kutoka langoni.

Nyar Seme alikuwa amesimama nje ya lango. Chini, upande wetu, alikuwa ameweka sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Alikuwa ameisukuma kwa mti mrefu, kama mtu anayelisha mbwa mkali. Nilipokaribia, alirudi nyuma.

"Usinipe mkono," alisema. "Chukua. Nimeshamchinja, nimeshamnyonyoa, hapo kwenu hakuna kuku hai wa kuingia. Firigisi nimeiosha, iko juu. Usiipoteze, hiyo ni ya Baba Mkubwa. Akikosa firigisi atasema kuku ameliwa nusu. Na huyo wenu, kama mngempikia, angeona madoa ya damu pale pale juu ya firigisi, ajue mmemlisha mzoga."

Nilifunua. Alikuwa kuku mnene, mafuta ya njano, kuku wa kutaga.

"Nitakulipa," nikasema. Nilisema kwa hasira. Sikutaka kupewa kitu na mtu asiyetaka kunishika mkono.

Alinitazama. "Utanilipa, ndiyo," alisema. "Kuku hai, jike, wa kutaga, uliyemlea mwenyewe. Sitaki wa sokoni. Na si leo, si kesho. Mpaka boma lako lipone." Halafu akamwaga maji ya sabuni kwenye viatu vyake, pale pale njiani, akavisugua kwa nyasi, akaenda zake. Nilimwona akivisugua. Nikadhani anajiosha sisi.

Wageni walifika jua likiwa juu. Baba Mkubwa alitazama nyumba, akatazama paa, akagonga ukuta kwa kidole kama anayenunua tikiti maji. Shangazi alimshika Atieno kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema, "Amekonda, lakini mikono iko na nguvu." Tuliwanawisha. Atieno alileta ugali na kuku, na firigisi ikiwa juu kabisa, imekaa peke yake kama kofia.

Baba Mkubwa hakuanza kula.

"Kuku wenu wako wapi?" aliuliza. "Tangu niketi hapa sijasikia hata mmoja."

Tulikuwa tumeshapanga na Atieno kusema wako kwenye shamba la jirani. Nikafungua mdomo kusema hivyo, na harufu ya shimo ilikuwa bado ndani ya shati langu.

"Waliugua," nikasema. "Nimewachoma."

"Uliwachoma?" Shangazi alidakia. "Kuku wa kula? Si mngewakula tu? Watu wanakula."

"Ni kideri, Shangazi."

"Kwani kideri kinaua watu?" Akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Hiyo ndiyo naambia wewe. Watoto wanachoma nyama. Ukiwaacha hapa, kesho watachoma nyumba."

"Na huyu ni wa nani?" Baba Mkubwa alinyoosha kidole kwenye sahani.

"Wa Nyar Seme. Nitamlipa."

"Utamlipa na nini?"

"Na kuku."

"Kuku gani? Si umewachoma?"

"Nitamlea."

Okoth alikuwa ametumbulia macho sahani, mate yakimtiririka waziwazi. Baba Mkubwa aliinua firigisi kwa vidole viwili, akaiweka juu ya tonge langu la ugali.

"Kula," alisema. "Niliambiwa hapa hakuna mtu. Yuko. Atieno atabaki, Okoth atabaki."

"Huyu ni mtoto wa shule!" Shangazi alisema.

"Alikuwa," alisema Baba Mkubwa, na akaanza kula.

Neno hilo nililisikia. Lilikuwa neno moja tu, na lilipita juu ya kichwa changu, maana nilikuwa nimeshika firigisi. Wenzangu mnajua maana yake. Ni nyama ya mwenye boma. Baba alikuwa akiila peke yake, ameangalia pembeni, na sisi tukihesabu jinsi anavyotafuna. Mama hakuwahi kuionja maisha yake yote. Nami niliitia mdomoni mbele ya wakubwa, ngumu, ina mchanga kidogo ambao Nyar Seme hakuuona, na nikaitafuna taratibu kama Baba. Nilidhani nimeshinda. Nilidhani nimewaokoa ndugu zangu kwa kusema kweli, na kwamba Baba Mkubwa amenipa zawadi.

Alikuwa ananikabidhi mzigo na kujitua yeye. Walipoondoka hakuna aliyerudi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameona boma lina mwenyewe, na boma lenye mwenyewe halihudumiwi na wengine. Jumatatu nilivaa sare ya shule. Nikaangalia unga kwenye kopo. Nikamwangalia Okoth. Nikaivua sare, nikaikunja vizuri nikidhani ni ya wiki mbili, nikaenda Mamboleo kubeba mizigo ya watu kwenye njia panda. Atieno ndiye aliyeendelea na shule. Sare yangu baadaye ilimtosha Okoth, na yeye aliichakaza.

Miezi ilipita kabla Nyar Seme hajavuka lango letu. Alikuja asubuhi moja, akachungulia uwanja uliofagiwa na mvua, akaingia, akambeba Okoth mgongoni bila kuuliza, na mkononi alikuwa na mayai kwenye kitambaa. "Sasa mahali pamepona," alisema. Alikaa jikoni kwetu akatufundisha. Alisema kideri hutembea kwa miguu ya watu, kwa nguo, kwa ndoo, kwa mkono uliomshika kuku mgonjwa. Aliwahi kupoteza kuku wake wote kwa sababu ya mgeni mmoja aliyekuja kusalimia. Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Kwani ulidhani nakufukuza?" aliuliza ghafla.

Nikaangalia viatu vyake.

"Uwi, nyathini, mtoto wewe! Ningekufukuza halafu nikuchinjie kuku?" Alicheka mpaka Okoth akarukaruka mgongoni.

Pamela ndiye aliyeniambia mambo mengine, tukiwa watu wazima. Kuku yule alikuwa anaatamia. Mama yake alimwinua juu ya mayai kwa sababu hakuwa na mwingine mnene wa kuwekwa mbele ya wakubwa. Waliyafunika mayai kwa matambara, wakayaweka karibu na jiko. Halikuanguliwa hata moja.

Tangu hapo, kila tulipokutana njiani, Nyar Seme hakunisalimu mimi. Alisalimu deni. "Kuku wangu hajambo?" angesema. Nami ningesema hajambo, anakua. "Ameshakuwa nyanya huko kwako?" Wa kwanza alibebwa na mwewe. Wa pili nilimuuza wakati kifua cha Okoth kilipobana, na Nyar Seme mwenyewe ndiye aliyenitafutia mnunuzi. Wa tatu alikuwa hatagi. "Huyo ni shemeji, si kuku," alisema akanirudishia. Miaka ikaenda hivyo, na nafikiri sote wawili tulianza kuupenda ule utani kuliko malipo. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kila msimu kutukumbusha chanjo, kwa sababu chupa moja hutosha kuku wa majirani wengi na ikishafunguliwa haiwekwi. Alikuwa akisema, "Leteni kuku, leteni watoto, hata waume leteni, tuwatie tone la jicho."

Mwaka huu nilikuwa na kuku jike wa kahawia, shingo wazi, mwenye kutaga kila siku. Nilimlea kutoka kifaranga. Nilikuwa nimeshamwekea tenga. Lakini Nyar Seme alilazwa, na msimu wa chanjo ukapita bila mtu wa kutugongea milango, na kila mmoja wetu akamngoja mwenzake. Alifariki hospitalini. Siku walipomrudisha nyumbani, jogoo wangu alisinzia chini ya paa na kinyesi chake kilikuwa rangi ya mrenda.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta juu ya shimo, wiki iliyopita, mate mdomoni.

Siku ya mazishi nilisugua viatu kwa sabuni, nikavaa nguo ambazo hazikuwa zimegusa banda, nikaenda mpaka langoni kwake. Kuku wake walikuwa wanatembea kati ya viti vya waombolezaji, wazima, wakidonoa punje chini ya hema. Nikasimama. Watu waligeuka kunitazama. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa miongoni mwa wachimba kaburi. Nilisikia mtu akisema, "Huyo mama alimlisha huyo, na kuingia hawezi," na mtoto mmoja mdogo akaniangalia kama mtu anayehifadhi jambo la kukumbuka baadaye.

Pamela alikuja, kitambaa kichwani, macho yamevimba. "Omondi, ingia basi. Watu wanauliza."

"Kwangu kuna kideri."

Alitazama viatu vyangu. Akatazama kuku wa mama yake. "Basi simama hapo hapo," alisema, na sauti ilikuwa ile ile, ya koo lile lile. Alikwenda, akarudi na sahani ya ugali na nyama, akaiweka chini upande wangu wa lango, akarudi nyuma hatua chache.

"Na kuku wa Mama?" aliuliza. "Hajambo?"

"Hajambo. Lakini hawezi kuja."

Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye hema. Nilikula chakula chao nimesimama nje, nikasikia jeneza likiteremshwa bila kuliona.

Kuku yule wa kahawia bado yuko kwenye tenga, mbali na banda, na Atieno hunipigia simu kila jioni kumwulizia. Leo asubuhi amekula. Nimemsikiliza pumzi, nimemgeuza, nimeangalia kinyesi chake; bado ni kikavu. Boma likipona nitampeleka mpaka lile lango. Kwa sasa sijamlipa.